Kesi ya Mtalaka wa Kibibi

Kibibi alikuwa mwanamke pekee katika kamati ya wafanyakazi ya kiwanda kimoja cha chumvi, kaskazini ya Bagamoyo. Miaka ile sheria ilikuwa imekwisha kumzuia mwajiri asimfukuze mtu kabla ya kushauriana na kamati. Kesi ya kwanza kuletwa tangu Kibibi achaguliwe ilikuwa ya Mwishehe, mtalaka wake.

Msimamizi Rajabu alimwagiza Mwishehe akafungue mlango wa kuingizia maji ya bahari mabwawani. Mwishehe akakataa, tena akamtukana mbele ya watu. Meneja, Bwana Sadallah, alitaka aondoke siku ileile. Wanawake wa kujaza magunia wakamwambia Kibibi kuwa Mungu amemletea haki yake mkononi. Ulimi wa mtu yule ndio uliovunja ndoa yao, na Kibibi hakuwa amesahau.

Kikao kilipoanza, aliomba asishiriki. Wenzake wakamkatalia, wakisema pale hakuna asiye na undugu au ugomvi na mwenziwe.

Mwishehe akaeleza kwamba maji yalikuwa yamejaa na mlango ni mzito. Aliomba msaidizi, akanyimwa. Rajabu akasema hakuombwa msaidizi. Watu walikuja waliposikia matusi; ombi lenyewe halikuwa na shahidi.

"Ulimtukana?" Kibibi akamwuliza Mwishehe.

"Nilimtukana."

Kibibi akamgeukia meneja.

"Bwana Sadallah, mtu huyu nimekaa naye nyumba moja. Mdomo wake mchafu, wala sina haja ya kumsafishia. Lakini uongo sikuusikia kwake, hata pale ambapo uongo ungetufaa sote wawili."

Rajabu akajikuna shingo. Mwishowe akakiri kwamba huenda aliombwa, ila watu wote walikuwa wakipakia lori, naye alikuwa na haraka.

Kamati ikapendekeza Mwishehe apewe onyo la maandishi kwa matusi yake, na mlango ule usifunguliwe tena na mtu mmoja. Meneja akakubali, shingo upande. Mwishehe akamwomba Rajabu radhi, wakapeana mikono.

Nje Mwishehe alimfuata Kibibi.

"Ahsante, Bi Kibibi," akasema.

Katika ndoa yao yote hakuwahi kumwita hivyo. Kibibi akaitikia, akashika njia ya kwake Dunda akijihisi mwepesi.

Habari zilimtangulia nyumbani. Mumewe, Mwinjuma, akamwuliza kama ni kweli amemtetea mtalaka wake. Akamjibu kwamba alisema analolijua tu. Mwinjuma akacheka, akashukuru kuwa yeye ni fundi cherehani, hana kamati ya kumhukumu. Kisha akatandika mkeka, wakala samaki wa kupaka huku wakizungumzia harusi ya jirani.