Fundi Alivyoizima Lifti Yake

Fundi lifti alikuwa na jambo moja la kujivunia, naye hakulificha: katika jengo lao la ghorofa nane, lifti haikuwahi kulala mbovu. Ikikwama asubuhi, jioni inatembea. Kampuni iliyomwajiri ilikuwa na majengo mengi, lakini hili alilokaa yeye na familia yake alilitunza kama mtu anavyotunza meno yake. Wapangaji wa ghorofa za juu walimsalimia kwa heshima ya daktari, naye aliipokea bila kujifanya mnyenyekevu.

Hata hivyo ni yeye aliyeizima, kwa mkono wake, siku ya Jumatatu, tena ikiwa nzima kabisa.

Mambo yalianzia zahanati. Binti yake, wa miaka kumi na minne, nyumbani walimwita Redio, kwa kuwa tangu alipoanza kusema hawakuona pa kumzimia. Walimpeleka kupimwa kwa ajili ya shule, baba na mama wote wawili. Muuguzi akawaonyesha mistari miwili kwenye chati.

"Huu wa uzito unapanda haraka kuliko huu wa urefu," alisema. "Haumwi. Wala sitaki mtu amshindishe njaa, maana mwili wake bado unajengwa. Anachohitaji ni kuutumia. Angalau saa nzima kwa siku, hata kwa vipandevipande. Soda iwe ya siku mojamoja. Usiku simu ilale sebuleni, yeye alale chumbani. Na nyie mfanye pamoja naye, isiwe kama adhabu yake peke yake."

"Mchezo gani unamfaa?" mama aliuliza. Alikuwa muuzaji katika duka la dawa, amezoea maelekezo yaliyonyooka: kimoja asubuhi, kimoja jioni.

"Huo atauchagua mwenyewe. Mkimchagulia nyinyi, ataucheza wiki moja."

Redio, ambaye kwa kawaida angekuwa na maoni, alikuwa anaangalia viatu vyake.

Fundi alisikia yote, lakini alitoka na neno moja tu kichwani: kuutumia. Njiani alilichambua kama anavyochambua hitilafu. Walipokuwa wanakaa nyumba ya chini, mtoto alikuwa anashinda nje na mpira. Walipohamia ghorofa ya nane, mpira ukaisha. Basi la shule lilimchukua getini na kumrudisha getini, lifti ikampandisha, kochi likampokea. Basi lilikuwa la shule, kochi lilikuwa la mkewe. Lifti ilikuwa yake. Kwa hesabu hiyo, kazi ya kurekebisha ilikuwa yake pia.

Hakumwambia mkewe. Hilo lingetosha kumwonyesha kwamba wazo lake lilikuwa na kasoro, ila mtu akishapata ufumbuzi huwa haupeleki kukaguliwa.

Jumatatu alfajiri alihakikisha hamna mtu ndani, akapanda chumba cha mashine juu ya paa, akashusha swichi kuu na kuifunga kwa kufuli. Kisha akateremka na kubandika kibao kwenye mlango wa chini: LIFTI INATENGENEZWA.

"Fundi, imekufa?" mlinzi aliuliza.

"Imeugua."

"Itapona lini?"

"Kuna kipuri nakisubiri."

Huo ulikuwa uongo wake wa kwanza kazini, na ulitoka laini kuliko alivyotarajia.

Jioni ile ngazi zilijaa watu ambao kwa miaka walikuwa wakijuana kwa vitufe tu, huyu wa tatu, yule wa sita. Bwana wa ghorofa ya tano alikuwa na mtungi wa gesi begani na matusi mdomoni. Mama mmoja wa ghorofa ya sita aliketi kwenye ngazi akatangaza kwamba mumewe amefika juu, lakini kwa kuchoka amesahau hata jina lake mwenyewe. Redio alikuja nyuma yao, mkoba mgongoni, baba yake akimfuata kwa mbali kama askari kanzu.

Ghorofa ya nne akashika ukuta.

"Baba, nikifia hapa, mnizike ya tano. Watu waone nilijitahidi."

"Pumua kwa pua. Twende."

"Kwani hicho kipuri kinaletwa kwa miguu?"

Akapanda. Jumanne akapanda tena. Fundi alimwona anasimama mara chache zaidi, akajipongeza kimyakimya. Mezani, Redio akiwa anamega mkate, ndipo alisema:

"Mwalimu hajatoka ndani tangu jana. Nimempelekea maziwa."

Mwalimu alikuwa mama mstaafu wa ghorofa ya saba, mwenye goti bovu na sauti nzima. Leo, Redio aliendelea, alikuwa na miadi ya mazoezi ya lile goti hospitali, akaikosa. Alifika ngazi ya tatu kushuka, akarudi.

Fundi aliacha kutafuna. Mkewe alimtazama. Redio naye alimtazama, lakini si usoni. Alikuwa anaangalia mikono ya baba yake.

Jumatano, aliporudi shuleni, Redio hakuishia ghorofa ya nane. Alipanda ngazi nyembamba ya chuma hadi kwenye paa, akausukuma mlango wa chumba cha mashine. Baba yake alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, chupa ya chai miguuni, anasikiliza mpira kwenye simu.

"Kipuri kimefika?"

"Bado, mwanangu."

Redio aliweka kiganja juu ya mota. "Ya baridi. Haya, vizuizi viko wapi? Wewe mwenyewe uliniambia, lifti ikifunguliwa hata kwa dakika tano, unaweka vizuizi mbele ya kila mlango, ghorofa zote, mtu asije akatumbukia. Safari hii umeweka kibao kimoja chini. Na tangu Jumatatu mikono yako haina hata tone la grisi."

 Fundi alimfundisha mambo hayo mtoto akiwa na miaka saba, kwa kujionyesha, na hakufikiria kwamba mtoto alikuwa anahifadhi.

"Ni kwa ajili yangu," Redio alisema. "Siyo?"

"Yule muuguzi alisema uutumie mwili."

"Kwa hiyo jengo zima linapanda ngazi kwa sababu ya kilo zangu?"

"Si kilo. Mimi nilitaka tu..."

"Ungeniambia, 'Redio, kuanzia leo tunapanda wote kwa miguu,' ningekataa. Kesho yake ningekataa tena. Halafu ningekuja, kwa sababu unanichosha. Wewe badala yake umemfungia Mwalimu ndani." Akaondoa kiganja kwenye mota. "Mimi pale zahanati nilishaamua nianze. Nilikuwa natafuta pa kuanzia. Sasa nikianza, nitakuwa nimeanzishwa."

Hapo fundi alielewa ukubwa wa hasara. Ngazi zilikuwa zimemfanya mtoto apande, na hapohapo zilikuwa karibu kumfanya asipande tena maisha yake yote. Akasimama na kutafuta funguo mfukoni.

"Nawasha."

"Na uwaambie."

"Niwaambie nini?"

"Kwamba haikuharibika. Sababu usiseme. Sababu ni yangu."

Kupoteza kazi hakukumtisha sana, fundi mzuri hakosi kazi. Kilichomtisha ni jina. Lakini alifungua kufuli, akapandisha swichi, akashuka ghorofa zote nane, akakibandua kibao, akasubiri penye mlango mpaka watu wa kutoka kazini walipojaa. Lifti ikashuka kwa mara ya kwanza baada ya siku tatu, na aliyetoka ndani alikuwa Mwalimu, na fimbo yake.

"Jamani," fundi alisema. "Lifti haikuharibika. Niliizima mimi, kwa makusudi, kwa jambo langu. Nimekosa. Mwalimu, nimekukosea wewe kuliko wote."

 Bwana wa ghorofa ya tano ndiye aliyekwenda mbele.

"Yaani ule mtungi wangu..."

"Ndiyo."

"Ulikuwa umejaa, fundi!"

"Najua, jirani. Nilikupisha."

Mtu mmoja alicheka kwa pua, bila kupenda. Mwalimu aligonga fimbo sakafuni mara moja, na watu wazima wakanyamaza kama darasa la pili.

"Wiki mbili," alisema. "Hutaingia ndani ya lifti hii isipokuwa kuitengeneza. Utapanda kwa miguu na mkoba wako wa vifaa."

"Mwalimu, ule mkoba una spana za..."

"Najua una nini. Kila ukiuangusha, taa yangu inatikisika."

Kicheko cha kwanza kilikuwa cha Redio, kikawavuta wengine. Mama yake, aliyekuwa amesikia habari yote kwa mara ya kwanza pamoja na wapangaji, hakucheka hata kidogo. Alicheka baadaye, chumbani, mpaka akalia machozi.

Kesho yake jioni fundi alianza kutumikia adhabu. Redio aliingia kwenye lifti akampungia mkono. Ghorofa ya tatu mlango ukafunguka.

"Baba, hujambo? Huku kuna upepo mzuri."

Ghorofa ya nne ukafunguka tena. "Pumua kwa pua!"

Ya tano akaingia yule bwana wa mtungi, anakwenda kwa rafiki yake wa ghorofa ya sita, ila alikuwa hajamaliza kuongea na mkewe. Akaushika mlango kwa mguu. Waliongea habari za funguo, wakaongea habari za nyanya. Fundi akapita kwenye ngazi, mkoba ukilia kama sufuria, bila kugeuka. Lifti ilipofika ghorofa ya nane, Redio alimkuta amejiegemeza ukutani, rangi imembadilika, lakini yupo.

"Haihesabiki!" Redio alipiga kelele. "Alishika mlango!"

"Lifti ni lifti," fundi alisema alipopata pumzi.

"Umebahatisha, baba. Mtu mwenye tumbo hilo hawezi kuishinda lifti."

"Nimeishinda. Wewe huwezi."

Hakuisema kwa mpango, na huenda ndiyo sababu ilifanya kazi. Redio aliwaza kidogo, akamkabidhi mkoba wa shule, akashuka ngazi zote hadi chini ili aanze upya.

Siku ile lifti ilimshinda kwa ghorofa tatu. Kesho yake ilimshinda kwa mbili. Redio alikuwa na kichwa cha baba yake, akaanza kuchunguza adui. Aligundua kwamba saa za mchana, lifti ikiwa tupu, haishindiki na binadamu yeyote. Lakini jioni, watu wakitoka kazini, inasimama ovyo, na kila mlango unaofunguka ni nafasi. Habari zikafika kwa mapacha wa ghorofa ya pili, kisha kwa kijana mrefu wa ghorofa ya tano aliyeitwa Mnara. Mnara alimpanga mdogo wake ghorofa ya sita abonyeze kitufe kisha akimbie. Mwalimu ndiye aliyemkamata. Alikuwa ameshajiteua kuwa mwamuzi, na alipanda ndani ya lifti kila jioni, amekaa kwenye kiti cha plastiki, akitoka kwenye mazoezi yake hospitali au kwingineko.

"Kubonyeza bila kupanda ni wizi," alitoa hukumu. "Na kumvuta kaka yako mkono kwenye kona pia ni wizi. Rudieni."

Mama wa Redio naye alinunua raba, akawa anakuja wa mwisho bila aibu yoyote. Kwenye friji soda ziliondoka, likakaa jagi la maji baridi. Aliyeteseka kwa hilo hakuwa Redio. Alikuwa fundi, ambaye alijikuta anasimama mbele ya friji iliyo wazi kama mtu aliyefiwa. Simu zilihamia sebuleni usiku, zote tatu, kwa sababu Redio alisema kama sheria ni sheria, basi na ya baba ije. Uzito hakuna aliyeutaja. Muhula ulipoisha muuguzi alimpima tena: uzito palepale, urefu umepanda. Akasema ndivyo hasa inavyotakiwa kwa umri huu, akaita mwingine.

Wakati huo ngazi zilikuwa hazitoshi tena. Siku ambayo Redio alifika juu akahesabu vidole vyake vyote kabla lifti haijafunguka, hakushangilia kama baba yake alivyodhani. Alisema, "Haya, sasa tufanye nini?" Mapacha walikuwa na mpira wa wavu. Nyuma ya shule kulikuwa na uwanja usiotumika Jumamosi. Mnara angeweza kufunga wavu bila kupanda kwenye kiti.

Jumamosi hiyo fundi alivaa raba zake mapema, akakaa tayari. Redio alitoka chumbani anafunga nywele, akamwona.

"Unakwenda wapi?"

"Si uwanjani?"

"Baba." Alimshika bega, kwa upole ambao mtu huutumia kwa mgonjwa. "Leo tunakwenda kwa mbio. Wewe unatuchelewesha."

"Mimi niliyeishinda lifti?"

"Lifti iliyoshikwa mlango!"

Akatoka. Fundi alimfuata hadi kwenye ukingo wa ngazi akachungulia. Viatu vilishuka kwa kelele, vya mmoja, ghorofa ya tano wakawa wawili, ya pili wakawa wanne, na sauti ya Redio juu ya zote, inapanga nani atacheza upande gani, inabisha, inacheka, haina pumzi iliyokatika hata kidogo. Alisikiliza kama anavyosikiliza mota, akitafuta hitilafu. Hakupata.

"Utabaki hapo unachungulia?" mkewe alisema nyuma yake. Alikuwa amevaa raba na kofia. "Tukishuka sasa hivi tutawakuta getini."

"Tutawakuta?"

"Hatutawakuta. Lakini watatuona tunakuja."

Wakashuka kwa mbio, fundi mbele kwa ghorofa mbili za mwanzo tu.