Vikombe vya Sanduku la Zahanati

Bibi alipokiona kikombe cha kwanza kimejaa chai ya maziwa, alirudi nyuma hatua moja.

Kilikuwa cheupe, cha bati, chenye ukingo wa buluu, na mfuniko wake umegeuzwa kisahani cha biskuti. Vingine kama hicho, arobaini na kitu, vilipangwa juu ya kitambaa kilichopigwa pasi, ndani ya chumba kilichokuwa ofisi ya mgodi. Leo, kwa rangi ya chokaa na pazia jipya, chumba hicho kilikuwa kinafunguliwa kuwa makumbusho ya mji.

"Bibi, karibu!" Mjukuu wake, aliyepewa kazi ya chai, alimwita na birika mkononi. "Vizuri, eeh? Tumevikuta stoo ya zahanati ya zamani, sanduku zima. Mwenyekiti anasema ndivyo walivyonywea wachimbaji."

"Mwenyekiti kasema?"

"Kwa mdomo wake."

Bibi akameza mate, akajuta kuyameza.

Miaka ishirini na mmoja alifanya usafi katika zahanati ile, hata watu wakamwita Mama Ndoo. Vile havikuwa vikombe, vilikuwa makopo ya makohozi. Kila Jumatatu wachimbaji walipanga foleni, kila mmoja na kopo lake lenye namba chini ya kitako. Walikohoa, wakatema, wakafunika. Daktari alifunua, akachungulia, akaandika. Kisha Mama Ndoo akamwaga.

Basi historia ya mji ule Bibi hakuisoma popote. Aliimwaga. Miaka ya mwanzo ilikuwa ya kijivu, kama maji ya kuoshea sufuria yenye masizi. Mashimo yalipozidi kwenda chini ikawa nzito, inavutika kama gundi, na lazima uikwangue kwa kijiti. Mwishoni ikawa nyekundu. Mwenye nyekundu alipewa blanketi na tiketi ya basi, akaambiwa asionekane tena ifikapo Jumamosi, maana kampuni haikutaka maiti kwenye vitabu vyake. Kopo lake halikupewa mwingine. Liliingia sandukuni.

Mume wake, namba mia mbili kumi na mbili, aliletewa blanketi siku ya Alhamisi. Alikufa amekaa kitini. Akilala, pumzi haiji.

Dirishani mji ulionekana vilevile ulivyoachwa. Juu kilimani, upepo unakotokea, zilisimama nyumba za maofisa zenye baraza. Chini, kwenye miguu ya lundo la kifusi lisiloota hata jani, zilijipanga nyumba za wachimbaji, mlango kutazama mlango. Mto katikati ulikuwa na rangi ya msumari wenye kutu. Mpaka leo mtoto wa huko chini akipenga kamasi, kitambaa kinachafuka kijivu.

Na ukutani lilining'inia bango jipya, limeandikwa kwa herufi za kupendeza: WALIOACHA KAZI KWA HIARI YAO. Namba na majina. Mia mbili kumi na mbili alikuwa wa nne.

Mwenyekiti ndiye aliyelitunga. Enzi za mgodi alikuwa nyapara, jina lake Filimbi, na filimbi yenyewe bado aliivaa kifuani. Mara tatu Bibi alimwendea nyumbani kumwomba aandike ukweli. Mara tatu jibu lilikuwa moja: "Ushahidi, mama. Makaratasi ya daktari yaliungua. Historia si porojo za jikoni."

Sasa Bibi akamtafuta kwa macho. Filimbi alikuwa kiti cha mbele, suti imembana kitambi. Chai mbele yake ilikuwa imejaa tele, imeshika utando. Yeye alikuwa anakunywa maji ya chupa, aliyokuja nayo mfukoni.

Hapo kinyaa kikahama kwenye bati, kikamkalia mtu.

"Nyapara!" Bibi akaita. "Mbona chai inapoa?"

"Sukari, mama. Daktari kanikataza."

"Haina sukari, mzee," akadakia mjukuu. "Sukari iko kwenye bakuli."

Watu wakacheka.

"Basi piga funda moja tu," Bibi akasema, "uwaonyeshe wageni wachimbaji walivyokunywa."

Filimbi akakifunika kikombe kwa kiganja, haraka, vilevile walivyofunika wale wa Jumatatu.

Bibi akasimama katikati ya chumba. "Kitendawili!"

"Tega!" wakaitika kwa furaha, maana sifa zake za vitendawili walizijua.

"Nina nyumba nyeupe, paa lake huinuka. Mgeni hutupwa ndani, wala hakuna anayetaka kumtazama usoni."

"Choo!" akasema mwalimu.

"Kaburi!"

"Kaburi halina paa la kuinuka, baba. Mmeshindwa. Nipeni mji."

"Tunakupa huu huu!"

"Nimeupokea, ingawa unanuka. Sasa mwageni chai, mpindue vikombe." Chini ya kila kitako palikuwa na namba nyekundu. "Rangi hiyo niliipaka mimi. Haya ni makopo ya makohozi, wanangu. Nimeyaosha mpaka kucha zikang'oka."

Kisha mwalimu akaziba mdomo, akakimbilia dirishani, na nyuma yake chumba kizima kikaenda kutema nje, wanene kwa wembamba, na tai zao.

"Vimechemshwa!" Filimbi alipiga kelele. "Vimechemshwa mara tatu, niliamuru mwenyewe! Havina kitu!"

Akayasikia mwenyewe aliyoyasema, akakaa.

"Kumbe ulijua," mjukuu akasema. "Na mimi nikawanywesha watu." Alikuwa analia kwa hasira. Akaanza kuchukua vikombe kimoja kimoja, akisoma namba kwa sauti, na mwalimu, akijifuta midomo, akawa anazitafuta kwenye bango. Themanini na tisa, ipo. Mia na arobaini, ipo. Mia mbili kumi na mbili. Ipo. Hakuna hata moja iliyokosekana.

"Ushahidi huo, nyapara," akasema Bibi. "Unautaka wa maziwa au mkavu?"

Alinawa mikono kwa sabuni, akanawa tena, na bado aliinusa kwa mashaka. Nyuma yake mjukuu alikuwa amepanda kiti mbele ya bango, kisu cha siagi mkononi.

"Bibi, nikwangue mpaka wapi?"

"Kwangua hiari. Majina yaache."