Mrija wa Beberu

Mwalimu Saad alijua njia ya manii ya kila kiumbe mwenye uti wa mgongo, na alasiri ile alikuwa ameipanga mezani maabarani kwa ajili ya somo la kesho la kidato cha sita: papa mdogo kutoka soko la samaki la Lindi, chura, jogoo, na mwisho viungo vya beberu aliyemnunua kwa mzee Ibrahimu wa Mitwero. Chura hana makuu, mbegu na mkojo vyote hupita mrija mmoja. Papa mrija wa figo kauachia mbegu, mkojo kautafutia njia nyingine. Wa jogoo umejikunjakunja hadi karibu na mkia. Beberu ndiye mwenye safari ndefu: mrija hupanda kutoka kwenye kende, huingia tumboni, huupita juu mrija wa mkojo, kisha huteremka. Saad alipenda sana kufundisha hapo.

Simu yake ilikuwa kando ya trei. Miezi mitatu nyuma alimpa mkewe Biasha talaka moja, baada ya miaka sita bila mtoto. Biasha alipimwa mara mbili akaambiwa mzima. Saad hakupimwa. Mwanamume mwenye nguvu zake apimwe nini? Na huyo ndiye bwana mwenye digrii ya bailojia! Mama yake, Bi Adija, alikwisha kumposea mwingine. Kwa hesabu ya shehe, eda ilikuwa inakwisha leo jua likizama. Kabla ya hapo neno moja tu la Saad, "nimekurejea", lingemtoa Biasha kwa kaka yake huko Kitomanga na kumrudisha nyumbani.

Akapasua kende la kulia. Lilikuwa kubwa, limejaa, halina kasoro. Akautafuta mrija kwa koleo. Hakuuona. Akasogeza mafuta, akasogeza mishipa ya damu, hakuuona. Akahamia kushoto. Huko nako hapakuwa na kitu. Beberu huyu alizaliwa na mbegu zisizo na mlango wa kutokea.

Akaweka koleo chini. Alikumbuka maneno ya mzee Ibrahimu alipokuwa akimkabidhi kamba: "Mchukue tu, mwalimu. Kazi anaifanya vizuri, ila majike yangu yana mkosi. Saba nimechinja, hakuna lililobeba."

Saad alinawa mikono kwa sabuni, akanawa tena, akafunga mlango kwa komeo. Kila mwaka aliwaambia wanafunzi kwamba kwa binadamu mrija huu hushikika kwa vidole, mgumu kama tambi isiyopikwa. Kila mwaka walicheka, naye alicheka nao. Akalegeza mkanda, akajipapasa upande wa kulia, polepole, kisha kushoto. Akarudia. Palikuwa laini kote.

Akaketi kwenye stuli. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa, na chini ya woga ule ilikuwapo aibu. Akilini alimwona Biasha akimeza dawa chungu za mitishamba alizoletewa na mama mkwe, akiziba pua, bila kulalamika.

Akachukua simu, akafungua jina la Biasha. Jua lilikuwa limefika kwenye kioo cha chini cha dirisha. Angemrejea, sawa, na angeulizwa kwa nini. Angemwambia nini mama? Angewaambia nini walimu wenzake? Kidole kikabaki juu ya jina.

Simu ikaita yenyewe. Alikuwa mzee Ibrahimu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Samahani kukusumbua. Umekwisha kumpasua?"

"Nimekwisha."

"Basi niambie kweli, wewe ndiye msomi. Roho inanisumbua tangu jana. Hakuwa na kasoro yule? Maana nimebakiwa na majike mawili, nimekwisha kuyafunga, kisu ninacho hapa. Ukisema kosa la beberu, nayafungua."

Saad alitazama mezani. Papa, chura, jogoo, kila mmoja na mrija wake umebanwa kwa pini na kuandikiwa jina. Akavikusanya viungo vya beberu kwa kiganja, akavitia kwenye ndoo ya taka, akafunika.

"Mwalimu? Unanisikia?"

"Nakusikia, mzee. Beberu alikuwa mzima."

Mzee akashusha pumzi. "Nilijua tu," akasema, na nyuma ya sauti yake jike moja likalia. Adhana ya magharibi ikaanza msikitini.