Moto Kwenye Maranda

Mdogo wangu, kasisi, aling'olewa meno matatu kanisani, Jumapili asubuhi, hatua chache kutoka madhabahuni. Mawili niliyakusanya mimi kwa ufagio. La tatu nadhani alilimeza, maana tangu utoto hajawahi kutema kitu kinachomezeka.

Alikuwa kasisi miaka mingi kabla ya kuokoka. Msishangae. Uamsho ulipofika kwetu, wahubiri wake walisema wazi kwamba mtu anaweza kuvaa kanzu nyeupe na ndani amejaa masizi. Mdogo wangu alinuna wiki nzima, kisha akaanguka kifudifudi katikati ya ibada, analia kama mtoto aliyeachwa sokoni. Tangu hapo ikawa ni kutubu hadharani. Alitubu kumsengenya askofu. Alitubu divai ya meza ya Bwana aliyoionja akiwa jikoni kwake. Kila akitubu, ndugu waliookoka wanaimba wimbo wa sifa na kumkumbatia. Mimi sikukosa hata ibada moja. Redioni hakukuwa na mambo matamu kama yale.

Jumapili hiyo akapanda mimbarini, uso unang'aa.

"Ndugu zangu, karakana ya fundi seremala niliichoma mimi! Msumeno wake ulikuwa unanikatizia mahubiri. Nilimwomba anyamaze, akanicheka. Nikatia kiberiti kwenye maranda ya mbao zake. Leo niko huru!"

"Bwana asifiwe!" Wimbo ukalipuka, na makofi juu.

Fundi mwenyewe alikuwa benchi la mbele, pamoja na mdogo wake wa tumbo moja. Sasa sikilizeni. Karakana ilipoungua, fundi alimshuku huyo mdogo wake, kwa kuwa alivuta sigara na asubuhi ile walikuwa wamegombana. Alimburuta, akaulaza mkono wake wa kulia juu ya gogo, akaupondaponda kwa nyundo. "Kaka, si mimi," kijana alisema kila pigo. Mkono ukabaki umejikunja kama tangawizi. Hakudai fidia. Alitaka kitu kimoja tu, kaka yake amwamini. Na kasisi wetu? Alikwenda kumjulia hali, akamwombea, akampelekea machungwa. Ukweli akaulalia.

"Na mkono?" kijana akauliza. Wimbo ukamfunika. Akapanda juu ya benchi, akauinua ule mkono. "Kasisi! Huu nao umo kwenye toba yako, au umeusahau?"

Watu wakanyamaza mmoja mmoja. Mzee wa kanisa, ambaye ni kiziwi, alimaliza ubeti mzima peke yake.

Hapo fundi akaruka. Alimshusha kasisi mimbarini kwa ukosi wa kanzu, akampiga kichwa cha mdomo, meno yakatawanyika sakafuni. "Umenifanya nimlemaze damu yangu!" Teke la mbavu. Jingine. Niliusikia mfupa ukilia. Kasisi hakujikinga hata kwa kiganja.

"Piga, ndugu yangu," alisema, damu inamchuruzika kidevuni.

Mimi sijaokoka kiasi hicho. Nikavua kiatu, nikamtandika fundi kisogoni. "Huyo ana dada yake, mshenzi wewe!" Akanisukuma kando kama pazia. Akanyakua kinara cha shaba cha mishumaa, akakiinua juu ya kichwa cha mdogo wangu.

"Kaka, lete hapa." Kijana alinyoosha mkono wa kushoto. "Yeye alichoma mbao. Huu wa kulia aliuvunja nani?"

Fundi akakitazama kinara. Akautazama mkono. Akampa. Kisha akapiga magoti, akaulaza mkono wake wa kulia juu ya benchi alilolichonga mwenyewe.

"Piga, mdogo wangu."

Kasisi akajikokota kwa magoti, akaweka wa kwake juu.

"Toa wako, kasisi," kijana akausukuma kando. "Subiri foleni."

Niliyecheka ni mimi tu. Kinara kikashuka. Benchi likapasuka, vibanzi vikaruka, lakini fundi alichubuka kidole kidogo tu. Kijana akainua tena, akapiga, akakosa. Akapiga tena, akakosa. Mkono wa kushoto haukuwa na shabaha. Akakaa sakafuni, analia na kucheka kwa pamoja.

"Mnaona alichonifanyia? Hata kulipiza siwezi."

"Hukuwa wewe," fundi akasema, paji la uso limegusa benchi. "Uliniambia kila pigo, na mimi nikaendelea. Hukuwa wewe, mdogo wangu."

Ndugu mmoja akafungua kinywa aanzishe wimbo. Nikamwonyesha kiatu, akafunga kinywa.

Foleni ya kasisi ilifika mbavu zake zilipounga. Kijana alimshikisha ncha ya pili ya msumeno mkubwa, ule wa watu wawili, na mpaka leo wanapasua mbao pamoja, kanzu imejaa vumbi la mbao. Kasisi akianza kuhubiri, kijana anavuta msumeno kwa nguvu zaidi.