Mume wa Alal Gazetini

Taifodi ilipomtoboa utumbo Odyek, gazeti lilimpamba kama bwana harusi. Lilitoa picha yake akiwa na sare, kofia imekaa sawasawa, na juu yake maneno: AFANDE APIGANIA UHAI HOSPITALINI MULAGO. Onen, mwandishi kijana mwenye adabu, aliketi na Alal, mke wa Odyek, kando ya kitanda, akataka kujua hata chakula anachokipenda mgonjwa. Majirani wao wa mtaa wa Kisugu walisoma, wakaja na ndizi, maziwa na sala. Odyek akapona, akarudi kazini kuongoza magari.

Mwaka uliofuata usingizi ulimhama. Akawa anajibizana na watu ambao Alal hakuwaona. Siku maji ya mvua yalipofurika mtaa wa Bwaise, alivua shati, akasimama katikati ya maji akizuia magari, akipiga kelele kwamba chini kuna watoto. Hakumgusa mtu. Polisi wenzake ndio waliomfunga kamba.

Jioni simu ya Alal ililia.

"Mama, ni Onen wa gazeti. Huyu wa Bwaise si mzee wetu Odyek? Nipe neno moja tu la nyumbani. Nitamwambia mhariri kwamba ni mgonjwa, aandikwe kama mgonjwa."

Majirani wawili walikuwa sebuleni, wametega masikio. Alal akamfikiria binti yake Akumu, na vile watoto wa shuleni wangemcheka.

"Umekosea namba," akasema. "Mtu huyo simjui."

Kesho yake gazeti likatoka: KICHAA WA POLISI ATISHA BWAISE. Kifua wazi, mdomo wazi, macho yamemtoka. Mwishoni waliandika kwamba hana ndugu anayejulikana. Safari hii hakuna aliyebisha hodi na ndizi. Waliomwona Alal njiani walikumbuka ghafla kwamba wamesahau kitu, wakageuka.

Alal akampigia Onen, akalia, akakiri.

"Nilikutambua sauti, mama," Onen akajibu taratibu. "Lakini ningeandika nini? Na sasa mhariri anasema habari hiyo imeshapita."

Odyek alikaa hospitali ya magonjwa ya akili mpaka dawa zikamtuliza. Alal alimkuta kwenye benchi nje ya wodi, amekonda, amenyolewa, macho yake yamerudi kuwa yale ya siku alipomwoa.

"Mama Akumu, nililiona lile gazeti," akasema. "Eti sina mtu."

Alal akainamisha kichwa.

"Usijali. Niliwaambia wenzangu humu ndani, hawa waandishi hawakuuliza nyumbani kwangu. Wangemuuliza mke wangu, angewaambia mimi ni nani."

Alal alimtazama mumewe, ambaye alikuwa akimtabasamia kwa imani yote, naye akafungua chupa ya chai, akammiminia.

"Kunywa, Baba Akumu," akasema. "Inapoa."