Bi Sugua na Bluu ya Paneli

Mtaa mzima ulimwita Bi Sugua, na wala hakuchukia. Sufuria zake ungeweza kuzitumia kama kioo cha kuchania nywele. Mlango wa choo chake ulikuwa msafi kuliko meza za watu wengine, na aliyebisha alikaribishwa aje aone. Hata mumewe, Seremala, enzi zile akirudi kazini hakuruhusiwa kuvuka kizingiti kabla hajakung'utwa vumbi la mbao pale nje kama mkeka.

Masikini, vumbi lililokung'utwa lilikuwa dogo. Lile kubwa lilikuwa limeshaingia kifuani. Sasa Seremala alipumua kwa msaada wa mashine, kijisanduku kilichokaa kando ya kitanda kikinguruma kutwa kucha na kumpelekea hewa puani kwa mrija. Umeme wa mtaani nao ulikuja ukijisikia na kuondoka bila kuaga. Ndipo binti yao na mumewe, fundi wa umeme wa jua, walipofunga paneli juu ya paa fupi la karakana ya uani, na betri chini yake. Siku ile Bi Sugua alimshika mkwewe mikono yote miwili, akashindwa kutoa neno. Mtu kakuletea pumzi ya mumeo, utamwambia nini?

Kwa kuwa maneno yalimkataa, akashukuru kwa njia anayoijua. Kila asubuhi alipanda ngazi na ndoo ya maji, majivu, na waya wa kusugulia sufuria. Paneli zile zilikuwa na kasoro moja iliyomkera: vioo vyake havikung'aa, vilikuwa na rangi ya bluu iliyofifia, kama mafuta juu ya maji. Aliona ni uchafu wa kiwandani. Ulikuwa uchafu mbishi, lakini Bi Sugua hajawahi kushindwa na doa tangu azaliwe. Ikafika siku akainama pale juu, akauona uso wake mzima, mpaka mikunjo ya paji. Alishuka akiimba.

Haukupita muda, betri ikaanza kuishiwa kabla hakujapambazuka. Mashine ilipiga kelele, Seremala akakaa kitandani akitweta, midomo ikimbadilika rangi, na mkewe akampepea huku akimwomba Mungu jua liwahi. Kila ilipotokea hivyo, asubuhi yake alisugua kwa nguvu zaidi. Mwishowe hofu ikamzidi, akampigia mkwewe simu.

Mkwe alikuja mchana uleule. Alipanda paani, akavipapasa vioo kimoja kimoja. Aliposhuka hakumtazama mama mkwe usoni, akapitiliza hadi chumbani kwa mgonjwa, wakaanza kunong'ona. Bi Sugua alipotokea mlangoni na chai, wote wawili wakageuka kusifia hali ya hewa.

"Betri imezeeka," Seremala akasema harakaharaka.

"Hiyo betri imeingia humu ndani juzi tu. Miaka yote hii, mume wangu, hujajifunza kudanganya." Akamgeukia mkwe. "Baba, hebu sema wewe."

Mkwe akajikuna kichwa. "Mama, naogopa kukukosea heshima."

"Utanikosea zaidi ukinificha. Anayetweta ni mume wangu."

Mkwe akatoa vipande viwili vya kioo kwenye mkoba wake, wakatoka juani. Cha kwanza kilikuwa kioo cha kawaida, kama cha dirisha, na Bi Sugua akajiona humo vizuri tu. Cha pili kilikuwa na ile bluu. Akakigeuza huku na huku, akaona giza na kivuli chepesi cha uso wake.

"Ile sura yako unayoiona kwenye hiki cha kwanza," mkwe akasema polepole, "ni mwanga uliogonga kioo ukarudi. Haukuingia. Hiki kingine kimepakwa dawa nyembamba sana. Kazi yake ni kuuzuia mwanga usirudi, uingie ndani ukatengeneze umeme. Ndiyo hiyo bluu."

"Bluu niliyoitoa mimi."

"Ndiyo, mama. Na waya umekwaruza kioo. Umeme uliopotea ni kidogo, lakini kile kidogo ndicho kilichokuwa kinamfikisha baba asubuhi."

Bi Sugua akaketi pale pale kwenye kizingiti. Kumbe kila alivyozidi kujiona, ndivyo alivyozidi kumnyima mumewe pumzi. Aliumia mpaka ndani, akalia bila kujificha.

Seremala akajikokota hadi mrija ulipomruhusu. "Mke wangu, nyamaza. Kuna wagonjwa hata kugeuziwa mto hakuna wa kuwageuzia. Mimi nina mtu anayepanda paa na magoti mabovu kwa ajili ya pua yangu. Nilimwambia huyu asikuambie."

"Ningenyamazaje, baba?" mkwe akajitetea. "Nikipaka dawa mpya leo, kesho asubuhi mama kashaimaliza!"

Seremala akacheka mpaka akakohoa, na Bi Sugua naye akacheka machozi yakimtiririka.

Dawa ilikuwa kwenye chupa, na ilitaka mkono uliotulia: kitambaa kipite mara moja, upande mmoja, bila kurudia. Vioo vilipokwisha kuoshwa na kukauka, mkwe akautazama mkono wake mwenyewe, kisha akampa mama mkwe kitambaa.

"Hakuna mwenye mkono kama wako. Ila ni kupaka tu, mama. Ukiona mkono unataka kurudi kusugua, ushike na ule mwingine. Na kuanzia sasa ni maji na kitambaa laini, tena vumbi likionekana."

Bi Sugua akapaka taratibu, akiuangalia uso wake ukififia kioo baada ya kioo, na hajawahi kufurahi hivyo kuuona ukiondoka.

"Haitakuwa kama mpya," mkwe akasema. "Tuombe imfikishe."

Kesho yake Bi Sugua aliposhtuka usingizini, dirisha lilikuwa jeupe. Hakuna kelele iliyomwamsha. Akaweka kiganja kifuani kwa mumewe: kilipanda, kikashuka, na mashine ilikuwa ikinguruma. Akasema asante kwa sauti, kwa Mungu, kwa mkwewe aliyekuwa kwake amelala, hata kwa kile kijisanduku. Kisha miguu ikamnyanyua yenyewe kuelekea mlangoni.

Seremala akafumbua jicho moja. "Unakwenda wapi?"

"Hata sijui," akajibu, na ndivyo ilivyokuwa.

"Asubuhi zote hizi umekuwa huko juu unanihangaikia, na mimi huku nakunywa chai peke yangu. Nakushukuru sana, mke wangu. Lakini leo kaa."

Bi Sugua akaleta vikombe viwili, akakaa.