Embe Halina Nyirinyiri

Hamze ana ulimi wa asali, na hilo Garissa nzima inalijua. Aliyekuwa hajalijua ni dada yake, Kinsi, maana dada humsikia kaka yake kwa moyo kabla ya masikio.

Chumba baridi cha sola kilipoletwa kando ya mto Tana, kina mama wenye miembe walikikodolea macho kwa mashaka. Kila msimu maembe yao yaliiva kwa mpigo, bei ikaporomoka, na mengi wakaishia kuwalisha mbuzi. Sasa waliambiwa yatakaa humo yakiwa mazima mpaka lori la mnunuzi lije. Fundi aliwaonya jambo moja tu: namba ya mtamboni, nyuzi kumi na tatu, isiguswe. Embe likizidishiwa baridi hufia ndani kwa ndani, na ngozi isikwambie kitu.

Ikabaki kuamua nani ashike ufunguo. Kinsi akasimama.

"Mpeni ndugu yangu Hamze. Siku asipoaminika yeye, na mimi msiniamini."

Qali, jirani yake, alikuwa amekataa katakata. Kwa neno hilo akalegea, akaleta maembe yake yote.

Haukupita muda, Hamze akawa anamwoza binti yake. Ngamia akachinjwa, sufuria zikaazimwa, kisha mvua ikakata barabara ya Sangailu na wakwe wakakwama huko. Walipofika, harufu ya uvundo iliyokuwa ikiogopwa haikuwepo. Walipakuliwa nyama safi, wakaisifu mpaka wakachoka.

Hamze alimtumia dada yake fungu lake, kipande kinene cha paja. Kinsi alipokishika, vidole vilimuuma kwa baridi. Alifurahi hata machozi yakamlenga, kwamba katika harusi yenye watu wote wale, ndugu yake amemkumbuka. Akaikata nyama vipande vidogo, akaianika, akaikaanga na kuizamisha katika mafuta yake ndani ya kopo. Ndiyo nyirinyiri, kama mama yao alivyokuwa akiitengeneza, nayo hukaa miezi bila kuharibika. Hakujiuliza baridi ile imetoka wapi.

Siku ya lori, Hamze alifungua chumba huku akitania watu. Mnunuzi akapasua embe la kwanza, jeusi. La pili, jeusi. Akapasua la Qali, akaufuta mkono wake kwa gazeti na kurudi kwenye lori bila hata kuaga.

Kinsi aliingia ndani. Nyuma ya makreti palikuwa na damu iliyokauka na kipande cha mafuta ya nundu. Vidole vyake vikakumbuka.

"Ulishusha namba," alimwambia Hamze pembeni.

"Kidogo tu, abaayo, dada yangu, kisha nikairudisha. Ulitaka wakwe niwape maembe? Tunda ni tunda, hata mbuzi anakula." Akapunguza sauti. "Waambie mawingu yalifunika jua. Tuseme ni qadar."

Hamze hakumngoja ajibu. Kina mama walipokusanyika, alikuwa wa kwanza kusema, mpole, mkono kifuani: mawingu yalikuwa mengi, Mungu ameandika, na kama kuna mwenye shaka, amuulize dada yake.

Kinsi alikwenda nyumbani, akarudi na kopo. Akalifunua mbele yao.

"Qadar yenyewe hii hapa. Nyama ya wakwe ililala na maembe yenu." Kisha akamgeukia ndugu yake. "Nyama ilikuwa na nyirinyiri, Hamze. Mama alitufundisha sote wawili. Embe lilikuwa na nini zaidi ya kile chumba?"

Hamze alitazama viatu vyake. Kwa mara ya kwanza asali ilimkauka ulimini.

Kinsi alidhani Qali atakuja kumshika mkono. Qali alilichukua kopo, akalinusa, akalifunika taratibu.

"Nyama hii ilikufikia ikiwa baridi?"

"Baridi sana."

"Na joto letu hili, hukuuliza?"

Kinsi akavikunja vidole vyake.

"Ulisema siku asipoaminika yeye, na wewe tusikuamini," Qali alisema, bila ukali wowote. Akamrudishia kopo lake, akalivuta kreti lake la kwanza nje, akaenda kuwamwagia mbuzi.